Jangwa Si Mchanga: Jibu kwa Waliopiga Makofi

Muhula uliopita, katika mdahalo wa chama chetu cha Kiswahili, mimi nilikuwa mtunza muda. Kazi ya mtunza muda ni kugonga kengele na kunyamaza. Niligonga kengele, nikanyamaza, na tangu siku ile ukimya wangu unanisumbua kama mwiba uliovunjikia kisiginoni. Ndiyo maana naandika.

Mada ilihusu usafiri wa vijijini. Mwenzetu wa upande wa kuunga mkono alipofika kwenye pikipiki za maeneo kame, aliinua simu yake na kutuonyesha picha: pikipiki ya mashindano ikiruka juu ya tuta la mchanga, tairi la nyuma likirusha vumbi, kashata zake ndefu kama vidole. Kisha akatoa hukumu. Vijana wa Karamoja na Turkana, alisema, hukwama njiani kwa sababu ya ujinga wa vifaa. Wamefunga matairi ya mjini kwenye jangwa. Wafunge tairi kama hili la kwenye picha, wapunguze upepo, waone kama watakwama tena. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Makofi yaliendelea hata baada ya kengele yangu.

Napinga hoja hiyo, na napinga makofi yale zaidi ya hoja yenyewe. Aliyesema angalau alikuwa anashindana. Sisi tuliopiga makofi tulikuwa na nafasi ya kufikiri.

Niseme mapema kwamba siandiki kama mtu aliyezaliwa akijua. Mimi ni mtoto wa Moroto. Kiswahili nilikiokota sokoni kabla ya kukisoma darasani, na kilifika sokoni kwetu kikiwa juu ya pikipiki na malori ya watu wanaovuka mpaka kutoka Lodwar na kurudi. Mjomba wangu ni mmoja wao. Hupeleka mahindi na sukari, hurudi na samaki wakavu wa Ziwa Turkana, na katikati hubeba abiria. Imani aliyoitangaza mwenzetu jukwaani, mimi nilikuwa nayo kabla yake. Tofauti yetu ni kwamba yangu ilifungwa kwenye pikipiki, ikapelekwa jangwani, ikapimwa.

Tuanze na neno lenyewe, maana sisi ni wanafunzi wa lugha na kosa lote limeanzia hapo. Mtu akisikia "jangwa" anaona mchanga. Lakini hata Sahara, mama wa majangwa katika vichwa vyetu, takriban robo yake tu ndiyo mchanga. Waarabu wanaoishi humo hawakuridhika na jina moja: matuta ya mchanga wanayaita erg, uwanda wa changarawe wanauita reg, na nyanda za mwamba mtupu wanaziita hamada. Hayo ni majina matatu kwa sababu miguu ya ngamia ilikutana na vitu vitatu tofauti. Nenda Kenya kaskazini uone. Chalbi ni kitako cha ziwa lililokauka. Wakati wa kiangazi ni kigumu kama sakafu, na mvua ikinyesha kinageuka tope linalonata. Dida Galgalu, kwenye njia ya Marsabit kwenda Moyale, ni mawe meusi ya volkano yaliyotapakaa hadi upeo wa macho. Na njia ya kwetu, kutoka Moroto kupitia Nakiloro, ukashuka hadi Lokiriama na Lorengippi kuelekea Lodwar, ni mawe, changarawe, udongo mgumu uliokunjamana kama bati, na miiba. Mchanga upo, sikatai. Upo kwenye laga, yaani mito ya msimu iliyokauka, na unaivuka kwa dakika chache. Kisha unarudi kwenye mawe kwa saa nzima.

Basi swali la kwanza la anayechagua tairi ni hili: katika kila kilomita mia za njia yangu, ngapi ni mchanga? Mwenzetu hakuuliza swali hilo. Picha yake ilikuwa imeshamjibia.

Nilipomaliza kidato cha sita nilipata kibarua mjini, na kwa mshahara wangu wa kwanza nikaamua kumnunulia mjomba tairi la nyuma. Muuzaji wa duka moja alinionyesha tairi lenye kashata ndefu zilizoachana, akanipigapiga begani, akasema hili ndilo la jangwani. Nililibeba hadi nyumbani nikiwa na fahari. Mjomba alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuzageuza, akabonyeza kashata moja kwa kidole gumba. Ilipinda kama sikio la mbuzi.

"Mpwa wangu," alisema, "hiki ni kiatu cha matope."

Nilimwambia nimesoma. Nilimwambia pia kwamba jangwani upepo hupunguzwa hadi paundi 15, ili tairi litandaze mguu wake juu ya mchanga. Hakunibishia. Sasa najua alilifunga tairi lile ili asiniaibishe mbele ya watu, na adabu ile ilimgharimu.

Safari ya tatu nilikuwa nyuma yao na pikipiki nyingine. Mjomba alikuwa amembeba mama yangu mdogo, aliyekuwa na kidonda mguuni na alitakiwa kufika hospitali ya Lodwar, pamoja na mzigo wake wa kawaida. Baada ya kuipita Lokiriama, kwenye mawe, kashata ya kwanza ilinyofoka. Haikuisha polepole kwa kusagika. Ilinyofoka kutoka kwenye shina lake. Ikafuata ya pili. Tyubu nayo ikaanza: tairi lenye upepo mdogo likigonga ukingo wa jiwe hubonyea hadi kwenye rimu, na tyubu iliyobanwa katikati hutoboka matundu mawili kwa mpigo. Tulibandika kiraka. Tukaenda kidogo, tukabandika tena. Mara ya tatu solusheni iliisha, na nyuzi za tairi zilikuwa zimeanza kuonekana pale kashata zilipotoka. Tulikuwa na dumu la maji la lita 5 kwa watu watatu. Tulilala palepale. Asubuhi lilipita lori, likatuchukua. Mguu wa mama mdogo ulipona, ila ulichukua muda mrefu kuliko ulivyostahili, na mpaka leo hajanitamkia neno moja kuhusu tairi lile. Angenitukana ningepumua.

Sasa nieleze kwa nini lilitokea, maana kisa peke yake si hoja.

Kashata ndefu zilizoachana hufanya kazi kwa kuzama. Kwenye tope na mchanga laini huchimba na kupata mshiko. Tope nalo hupata nafasi ya kutoka. Kwenye mwamba hakuna pa kuzama. Uzito wote unabebwa na ncha chache za mpira. Kila ncha inapinda mbele na nyuma maelfu ya mara kwa safari, na kila kupinda kunazaa joto. Mpira wenye joto ni laini, na mpira laini hukatwa na mawe. Ongeza jua la Turkana juu na ardhi inayochoma chini. Tairi lenye kashata fupi, nene, zilizokaribiana, ambalo mwenzetu analiita la mjini, linagawanya uzito uleule kwenye eneo kubwa zaidi na halipindi sana. Halina sura ya kupigia picha, lakini linafika.

Upepo nao una habari yake. Ni kweli kwamba kupunguza upepo kunarefusha sehemu ya tairi inayogusa ardhi na kulizuia kuzama mchangani. Fizikia hiyo siibishi. Nabisha kuitumia bila kujua nani amepanda. Pikipiki ya kawaida ya biashara huku kwetu ina uzito kama wa kilo 110. Weka dereva wa kilo 70, abiria wa kilo 60 na mzigo wa kilo 40. Jumla ni kilo 280. Abiria na mzigo wakikaa nyuma, theluthi mbili hivi za uzito huo hukalia gurudumu la nyuma, yaani inakaribia kilo 190. Sasa tazama ubavuni mwa tairi la 3.00-17, lile lililofungwa nyuma ya pikipiki nyingi za bodaboda. Mara nyingi utakuta namba 50 ikifuatwa na herufi. Namba hiyo ni ya jedwali la uzito linalotumiwa na viwanda, na 50 maana yake ni kilo 190. Kwa hiyo tairi la mjomba liko ukingoni mwa uwezo wake hata likiwa na upepo kamili, na uwezo huo unahesabiwa kwa upepo kamili. Ukishusha upepo kwa nusu umeshusha na uwezo wa kubeba, hali mzigo uko palepale. Mwanamichezo wa kwenye picha alikuwa peke yake, hana abiria, hana gunia.

Kuna kosa lingine nililolifanya njiani siku ile kabla ya pancha ya kwanza, na naliungama kwa sababu nimewaona wengi wakilifanya. Mchana nilishika tairi, nikakuta ni la moto na limekaza, nikataka tupunguze upepo zaidi lisipasuke. Upepo ukipata joto hupanda, na hilo lilishahesabiwa na waliotengeneza tairi. Ukijaza paundi 30 asubuhi kukiwa na nyuzi 20, na upepo wa ndani ukafika nyuzi 60 mchana, geji itasoma kama paundi 36. Hakuna la kushtua hapo. Ukitoa hizo sita, jioni tairi litakuwa na upungufu, litapinda zaidi, litapata joto zaidi kuliko ulilolikimbia. Upepo hupimwa asubuhi, kabla gurudumu halijazunguka. Mjomba alinieleza hivyo tukiwa tumekaa chini ya mgunga tukingoja lori ambalo hatukujua kama lipo.

Na miiba? Mwenzetu hakuitaja hata mara moja. Anayepita Turkana bila kuifikiria miiba ni kama avuaye bila kufikiria maji. Kuna migunga ya asili, na kuna mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka kuwa janga, uliojaa kandokando ya mto Turkwel. Mwiba wake ni mrefu, mgumu, na hauulizi kashata zako zina urefu gani. Unapita katikati ya kashata, pale mpira ulipo mwembamba zaidi. Hivyo kashata zikiachana sana, unaipa miiba mlango mpana. Dawa yake ni tairi lenye matabaka mengi ya nyuzi na tyubu nene, na hata hivyo utatobolewa. Wako wanaotia ndani ya tyubu ute wa kuziba matundu. Unasaidia kwa miiba midogo, ila siku ukipata tundu kubwa utalaani, kwa sababu kiraka hakishiki juu ya utelezi.

Kwa kuwa utatobolewa, tairi bora ni lile unaloweza kulitoa kwenye rimu kwa vyuma viwili na magoti yako, peke yako, juani. Na tyubu bora ni ile inayouzwa katika duka linalofuata. Hapa ndipo ninapowakera wapenzi wa pikipiki kubwa. Pikipiki za kwelikweli za njia mbaya huwa na gurudumu la inchi 21 mbele na 18 nyuma, na hakuna ubishi kwamba gurudumu kubwa la mbele hupanda jiwe kwa urahisi kuliko dogo. Lakini tyubu ya inchi 17 utaipata kwa yeyote anayeuza sabuni na betri kando ya njia. Ya 21 ni ya kutafuta kwa tochi. Wenye pikipiki hizo huvumilia kwa kubeba tyubu moja ya 21, kwa kuwa ikibidi hukunjwa ikaingizwa hata gurudumu la nyuma na kukufikisha. Ni ujanja mzuri, lakini hautoshi kumfanya mchuuzi abadili pikipiki.

Nitendee haki upande wa pili. Ndani ya laga, tairi jembamba la barabarani hupotea. Gurudumu la mbele linakata mchanga kama kisu, usukani unakwenda unakotaka wenyewe, na mtu mwenye mzigo anaanguka kama gunia. Nimeanguka hivyo zaidi ya mara moja. Mwenzetu angesema, "Basi tunapokaribia mchanga tufanye nini?" tungekuwa na mazungumzo. Jibu la watu wa njia ile si kubadili tairi. Abiria anashuka anatembea, na laga si pana. Dereva anapunguza upepo kidogo ikiwa mchanga ni mzito, anavuka bila kusimama, kisha anatoa pampu ya mkono anaurudisha kabla ya jiwe la kwanza. Kurudisha ndiko kunakochosha, na uvivu wa kurudisha ndio unaoua matairi. Kama mtu anataka kashata ndefu kwa moyo wote, basi aziweke mbele, maana gurudumu la mbele ndilo linaloongoza na halibebi mzigo mkubwa. Nyuma aweke tairi gumu la kubeba. Watu wa mjini hufanya kinyume: wanalipamba la nyuma, kwa sababu ndilo linalorusha vumbi.

Nirudi sasa kwenye ile picha. Mashindano ya Dakar yaliasisiwa na Mfaransa Thierry Sabine, aliyepotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya mwaka 1977, akaokolewa, akarudi na wazo la kuwapeleka wengine. Kundi la kwanza liliondoka Paris Desemba 1978, na mshindi wa pikipiki, Cyril Neveu, alipanda Yamaha XT500, pikipiki ambayo mtu yeyote angeweza kuinunua dukani. Kwa hiyo hata hadithi ile ilianza kwa vifaa vya kawaida. Leo mashindano yako Saudi Arabia, tangu 2020, na waendeshaji wa mbele hawatumii hata tyubu: ndani ya tairi wanatia sponji nzito isiyotobolewa na mwiba. Sponji hiyo hupata joto na kuchakaa kwa mwendo mrefu. Hilo haliwasumbui, kwa sababu jioni wanafika kambini kwenye fundi, gari la vipuri na tairi jipya. Tairi la kwenye picha ni tairi la siku moja au mbili. Tairi la mjomba linatakiwa limalize msimu, na bei yake ni bei ya mbuzi. Kuwaambia watu wa Lokiriama wafunge tairi la mashindano ni kuwaambia wafunge na kambi yake, mafundi wake na helikopta yake.

Na lile tairi nililonunua mimi? Niliporudi nyumbani nilisoma ubavu wake, jambo nililopaswa kulifanya dukani. Lilikuwa na herufi NHS, alama ya kwamba halikutengenezwa kwa matumizi ya barabara kuu. Lilikuwa na tarakimu nne ndani ya umbo la yai, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Lilikuwa limekaa miaka sita likingoja mtu kama mimi, na mpira huzeeka hata ukiwa umening'inizwa ukutani. Namba ya uzito haikuwepo kabisa. Nilikuwa nimesoma riwaya na tamthilia, nimechambua vina na mizani, na maandishi yaliyochongwa kwenye kitu nilichombebea mjomba wangu mgongoni sikuyasoma. Muuzaji nimemlaumu sana. Siku hizi namlaumu kidogo, maana yeye aliuza, na mimi ndiye niliyesema nimesoma.

Ndiyo maana neno "ujinga" lililotamkwa jukwaani lilinichoma. Mtu anayejua kubonyeza kashata kwa kidole gumba na kutabiri itanyofokea wapi si mjinga wa vifaa. Hajui jedwali la uzito, lakini amelifikia kwa njia yake. Mimi mwenye jedwali ndiye niliyemlaza mgonjwa porini.

Wahadhiri wetu hutuuliza Kiswahili cha sayansi kitatoka wapi. Sehemu moja kinapotoka ni kwa fundi wa pancha. Kashata, kipara, upepo, solusheni, kiraka: maneno haya hayakusubiri kamati. Kinachokosekana ni ule ubavu wa tairi kuelezwa kwa maneno hayohayo, kwenye karatasi moja, ikabandikwa pale anapokaa fundi. Nimeanza kuiandika. Nimekwama kwenye istilahi ya kile chuma kinacholibana tairi kwenye rimu lisizunguke na kung'oa mdomo wa tyubu upepo unapokuwa mdogo. Fundi mmoja wa Moroto anakiita "mlinzi". Nimekiacha hivyo.

Likizo hii narudi nyumbani. Nimeshanunua tairi la nyuma la 3.00-17, matabaka sita, kashata fupi zilizoshikana, namba ya uzito ipo, na limetengenezwa mwaka huu. La mbele lina kashata zilizoachana kidogo, kwa ajili ya laga. Tyubu mbili nene, solusheni makopo mawili. Mwenzetu wa mdahalo nimemwalika aje tupande naye hadi Lodwar, akiwa abiria wa mjomba, na simu yake aje nayo apige picha. Alisema atafikiria. Nimemwambia pale Lokiriama tutashuka tutembee kidogo.